Tuache kuwaambia watoto wa S1 kwamba m ni embe

Ticha_wa_Bweyale

Habari zenu wanajukwaa. Nafundisha hesabu S1 na S2, yaani mwaka wa kwanza na wa pili wa sekondari, huku Kiryandongo, Uganda, na nina jambo nataka tulibishanie kiungwana.

Kila mwaka tukifika kwenye aljebra, haichukui wiki kabla ya kukuta daftari zimeandikwa 3m + 2n = 5mn. Ukimwuliza mtoto kapata wapi, anakujibu bila wasiwasi: "Mwalimu, maembe matatu na ndizi mbili ni matunda matano." Hilo hakulitunga yeye. Tumemfundisha sisi, ama mwenzetu wa P6 kule shule ya msingi, tuliposimama ubaoni tukasema 3m + 2m ni rahisi, chukulia m ni embe, embe tatu na embe mbili ni embe tano. Siku hiyo darasa zima lilielewa na kengele ikalia tukiwa na furaha. Bili inaletwa baadaye.

Inaletwa pale unapoandika 3m × 2m. Embe mara embe ni nini? Inaletwa tena kwenye mafumbo: "Vitabu 4 na kalamu 3 viligharimu shilingi 11,000." Mtoto anaandika 4b + 3p = 11,000, mlinganyo sahihi kabisa, halafu mwulize b ni nini. Atakwambia b ni kitabu. Sasa vitabu vinne ukijumlisha na kalamu tatu vinakuwaje elfu kumi na moja? b ni bei ya kitabu kimoja, yaani ni namba. Asiyeliona hilo ataandika mlinganyo akwame hapo hapo, kwa sababu huwezi kugawanya kitabu kwa nne ukapata shilingi.

Msimamo wangu ni huu: tangu somo la kwanza la aljebra, herufi iwe namba. Namba ambayo hatujaambiwa, au namba inayoweza kubadilika, lakini namba. Isiwe embe, isiwe mbuzi, isiwe kifupisho cha jina la kitu.

Mimi naanza na mchezo wa "fikiria namba". Kila mmoja afikirie namba yake, asiitaje. Jumlisha 5. Zidisha kwa 2. Toa 10. Niambie ulichopata, nami nitakwambia ulianza na ngapi. Mtoto anasema 14, mimi nasema 7. Mwingine 36, nasema 18. Darasa linapiga kelele. Muhula uliopita msichana mmoja aliyekaa dirishani alitaka kunitega, akaanza na nusu. Nusu na tano ni tano na nusu, mara mbili ni 11, toa 10 inabaki 1. Nikamwambia ulianza na nusu, akafunga daftari kwa hasira. Hapo ndipo naandika ubaoni hatua za watoto wanne kwa safu, namba zao zote, na safu ya tano ni ya mtoto asiyetaka kusema namba yake. Yake tunaiandika x. Halafu x + 5. Halafu 2(x + 5), ambayo ni 2x + 10. Halafu 2x. Hakuna embe hata moja na hakuna aliyeuliza x ni nini, maana wote wanajua ni namba iliyo kichwani mwa mwenzao.

Semeni.

Mzee_wa_Chaki

Mwalimu wa Bweyale, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi nimestaafu, lakini chaki haijatoka kwenye vidole. Nilifundisha kabla ya elimu ya sekondari bila ada kuanza 2007 na nikaendelea baada yake, darasa likajaa mpaka watoto wa nyuma nawaona vichwa tu. Hapo unaingia na dakika 40, mvua inapiga bati, sauti haifiki. Embe linafika. Mtoto aliyekuwa anaogopa herufi anainua mkono. Mimi embe naliita mlango. Akishaingia ndani utamrekebisha.

Na nikwambie kitu, 5mn hawakuipata kwa embe peke yake. Mtoto hapendi jibu lenye alama ya kujumlisha katikati. P1 hadi P7 jibu ni namba moja, unaipigia mstari chini. Ukimwachia 3m + 2n anaona kazi haijaisha, kwa hiyo anaimaliza kwa nguvu. Hata ungemfundisha na mchezo wako wa kufikiria namba, ataimaliza tu.

DadaHesabu_Koboko

Mzee, la pili umesema kweli tupu. Watoto wangu nikiwaachia x + 4 kama jibu wananiangalia kama nimewadai deni.

Lakini ugonjwa wenyewe mimi nauona kwenye alama ya "sawa na". Wiki ya kwanza ya S1, kabla ya kufundisha chochote, nawaandikia hili:

8 + 4 = ___ + 5

Jaribuni kwenye madarasa yenu kesho. Wengi wataandika 12. Wachache wajanja watajumlisha vyote waandike 17. Wenye 7 utawahesabu kwa vidole. Na si Uganda tu. Swali hili hili liliulizwa watoto wa shule za msingi Marekani, matokeo yakachapishwa 1999, nao walijaza 12 na 17. Kwa mtoto, alama ile ni amri: "andika jibu hapa." Ni kama kitufe cha kikokotoo cha simu.

Angalieni daftari zao za P7. Utakuta 5 + 3 = 8 × 2 = 16 − 4 = 12. Jibu la mwisho ni sahihi, mwalimu kaweka vema, na mstari mzima ni uongo, maana 5 + 3 haijawahi kuwa 12. Mtoto wa namna hiyo ukimpa 2x + 3 = x + 9 hana pa kuishika. Upande wa kulia panatakiwa pawe na jibu, sasa mbona pana swali jingine?

Kwa hiyo kabla ya x mimi nafanya wiki nzima ya kweli au uongo. 6 + 2 = 2 + 6. 9 = 9. 15 = 7 + 8. Wapo wanaokataa 9 = 9 kwa sababu "hakuna hesabu iliyofanyika". 15 = 7 + 8 wanasema imeandikwa kinyumenyume. Nawaacha wabishane. Nawasimulia pia habari ya Robert Recorde, mtu wa Wales, ambaye 1557 alichoka kuandika kwa maneno kila mara kwamba hiki ni sawa na kile, akachora vistari viwili sambamba vya urefu mmoja, akisema hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Kisa hiki wanakipenda, hata wale wasiopenda hesabu.

Nahodha_wa_Jinja

Mimi naendesha boda. Nilimaliza S4, na tangu siku hiyo x haijawahi kupanda pikipiki yangu. Endeleeni tu waheshimiwa 😂

Ticha_wa_Bweyale

Nahodha, kaa hapo hapo, tutakuhitaji.

Mzee wangu, hoja ya darasa kubwa naiheshimu, mimi pia nina zaidi ya watoto tisini. Lakini hiyo "utamrekebisha baadaye" ndiyo siioni ikifanyika. Baadaye lini? Anafika S3 bado anasoma 5k kama "kuku watano".

Dada, nakubali kuhusu alama ya usawa, nadhani ni ndugu wa tatizo langu. Naongeza mengine niliyoyakuta kwenye daftari: ukimwambia x ni 4, tafuta 3x, anaandika 34. Kwa nini? Kwa sababu kwenye namba, kuweka 3 kando ya 4 ni thelathini na nne, na hakuna aliyemwambia kwamba hapa tumebadilisha utaratibu. Mwingine anaamini a ni 1, b ni 2, mpaka z ni 26, kama barua za siri za watoto. Mwingine x ilikuwa 6 kwenye swali la kwanza, basi anaibeba 6 hiyo mpaka swali la kumi.

Na watoto wa makambi ya wakimbizi wanaotoka Congo wana jambo lao. Huko walifundishwa kuandika 2,5 kwa koma, na nukta wanaitumia kuzidisha. Mtoto anaandika 2.5 akimaanisha 10, mwalimu anasoma mbili na nusu, anamkata maksi. Yule mtoto anajua hesabu kuliko nusu ya darasa! Mimi siku ya kwanza nauliza nani alisoma Congo, tunapatana jinsi ya kuandika, yanaisha.

Mzazi_Mbale

Jamani samahani kuingilia wataalamu. Binti yangu yuko S1, analeta kazi za nyumbani mimi sielewi. Zamani tulipewa "tafuta x" tunatafuta. Sasa analeta kisa kirefu cha mama anayepanga viti vya harusi, mwisho anaambiwa "mshauri mama huyu". Nimshauri nini mimi? Nawezaje kumsaidia nyumbani bila kumharibu?

DadaHesabu_Koboko

Karibu mama, hujaingilia. Huo ni mtaala mpya wa O level ulioanza 2020 kwa S1. Waliotangulia walifanya UCE, mtihani wa kumaliza S4, mwaka 2024. Sasa maswali yanakuja na kisa, mtoto aonyeshe anaweza kutumia alichosoma. Kumsaidia, usimtafutie x. Mwulize maswali mawili tu: "Hii herufi inasimama badala ya namba gani?" na "Ungekuwa unajua namba hiyo ungefanyaje?" Hata kama wewe hujui jibu, hayo mawili yanatosha kumsukuma.

Ticha_wa_Bweyale

Mama Mbale, hilo la viti ni zuri sana, na limenipa nafasi ya kusema jambo ambalo nililiacha kwenye posti ya kwanza.

Katika mtaala wa S1, mifululizo ya namba inakuja kabla ya mada ya aljebra yenyewe. Walimu wengi wanaikimbia, wanafundisha 2, 4, 6, 8 wanapita. Mimi naona pale ndipo aljebra inapozaliwa. Kila dawati naligawia njiti za ufagio zilizokatwa sawa (kiberiti nilikiacha, kila njiti ilikuwa inataka kuwashwa). Kazi: tengeneza miraba iliyoshikana kwa mstari, mmoja, miwili, mitatu. Mraba mmoja njiti 4. Miwili 7. Mitatu 10. Minne 13. Kisha nauliza: miraba 100 njiti ngapi, bila kuipanga?

Hapo ndipo darasa linakuwa tamu. Dawati moja linasema: njiti ya kwanza imesimama peke yake, kila mraba unaongeza tatu. Kwa hiyo 1 + 3n. Dawati lingine: mraba wa kwanza una nne, waliobaki wanaongeza tatu tatu, 4 + 3(n − 1). Dawati la nyuma, wale wasumbufu, wakahesabu za juu n, za chini n, zilizosimama n + 1, wakaandika n + n + n + 1. Nawauliza, nani amekosea? Wanaanza kugombana. Wanajaribu kwa miraba 10: wote 31. Kwa 100: wote 301. Basi hizi tatu ni kitu kimoja zimevaa tofauti, na kurahisisha ni kuthibitisha hilo.

Kwa nini tunafungua mabano? Kwa nini tunakusanya vilivyo sawa? Kwenye vitabu vingi hakuna jibu, ni "rahisisha" swali la 1 hadi 20. Hapa mtoto anafungua 4 + 3n − 3 akitaka kujua kama dawati la jirani wamemwibia jibu.

Na n hapa hakuna anayesema ni njiti. Ni idadi ya miraba. Namba.

Mwalimu_Kigoma

Salaam kutoka upande wa pili wa mpaka. Shikamoo Mzee wa Chaki.

Hoja ya herufi kusomwa kama kitu ina mfano mmoja mkali kuliko embe, sijui kwa nini haujatajwa. Waandikie wanafunzi: "Katika shule kuna wanafunzi 40 kwa kila mwalimu mmoja. Tumia S kwa idadi ya wanafunzi na T kwa idadi ya walimu, andika mlinganyo." Nimetumia S na T kwa sababu kwa Kiswahili wanafunzi na walimu wote wanaanza na W, ungezuka mgogoro mwingine.

Wataandika 40S = T. Watoto wazuri, wenye bidii. Wanasoma: "wanafunzi arobaini, mwalimu mmoja." Yaani S kwao ni mwanafunzi mwenyewe na sare yake, wala si idadi. Sahihi ni S = 40T. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Massachusetts, Marekani, watafiti waliwauliza wanafunzi wa uhandisi wa chuo kikuu swali la namna hii, wanafunzi sita kwa profesa mmoja, na zaidi ya theluthi walikosea, wengi wao kwa kugeuza hivyo hivyo. Wahandisi! Kwa hiyo tusiwacheke wa kidato cha kwanza.

Dawa ninayoitumia: weka namba. Walimu wakiwa 2, wanafunzi wangapi? 80. Sasa weka kwenye mlinganyo wako, 40 × 80 = 2? Anacheka mwenyewe anafuta.

Mzee_wa_Chaki

Marahaba mwanangu wa Kigoma. Hilo la S na T nimelikuta hata kwa walimu wenzangu, kwenye semina za SESEMAT, zile za kuwanoa walimu wa sayansi na hesabu zilizoanza 2005 kwa msaada wa Wajapani. Nusu ya meza yetu iligeuza. Sitataja meza.

Sawa, embe limepigwa mawe ya kutosha. Lakini niwaulize nyinyi vijana: kwenye kutatua mlinganyo mnafanyaje? Mimi nilifundisha "hamisha upande wa pili, badilisha ishara" na watoto wangu walifaulu.

DadaHesabu_Koboko

Mzee wangu, hapo sasa ndipo tutakapokosana kwa heshima zote.

"Hamisha badilisha ishara" inazalisha hii: 3x = 12, kwa hiyo x = 12 − 3 = 9. Mtoto kafanya ulichomwambia. Ile 3 ilikuwa chanya, imevuka, ikawa hasi. Hajui kwamba 3x ni kuzidisha, kwa sababu kwenye kuvuka hakuna hesabu, kuna uhamiaji tu.

Mimi natumia mizani. Ile ya dukani ya sahani mbili. Sahani hii mifuko miwili ya maharage iliyofungwa na jiwe la kilo moja, sahani ile mawe ya kilo saba. Imetulia. Ukiondoa kilo moja huku, mizani inafanyaje? Wote: "Inalala!" Tufanye nini itulie? Ondoa na kule. Inabaki mifuko miwili na kilo sita, kila mfuko kilo tatu. Ukifanya huku fanya na kule. Naandika kila hatua pande zote mbili, wiki mbili nzima, hakuna njia ya mkato. Anayegundua mwenyewe kwamba "kumbe ni kama imehama" namruhusu, kwa sababu anajua kilichotokea.

Mwalimu_Kigoma

Mizani nzuri dada, ila x + 7 = 3 utaiwekaje? Mfuko wenye uzito wa hasi nne?

DadaHesabu_Koboko

Haiwekeki, na siilazimishi. Mizani inafundisha jambo moja tu, kwamba pande mbili zinabaki sawa ukizitendea sawa. Wakishalikubali hilo kwa namba chanya naiweka mezani naondoka nayo. x + 7 = 3 tunatoa 7 pande zote kwa sheria ile ile, tunapata hasi nne, tunairudisha kwenye mlinganyo tunaona −4 + 7 ni 3 kweli. Nawajua walimu wanaochora puto zinazovuta sahani juu ili kuokoa mizani. Mtoto anaanza kusoma puto badala ya hesabu.

Kurudisha jibu kwenye mlinganyo, hilo nalisisitiza kuliko vyote. Yule wa x = 9 angerudisha, 3 × 9 ni 27, si 12, asingehitaji kalamu yangu nyekundu.

Ticha_wa_Bweyale

Nahodha, zamu yako. Kwa siku unamlipa mwenye pikipiki kiasi gani?

Nahodha_wa_Jinja

Elfu kumi. Mafuta tuseme elfu kumi na tano. Abiria wa kawaida 2,500. Nikitaka kurudi nyumbani na 20,000 mkononi lazima nipige safari 18. Hii najua usingizini, ticha, na sikuandika x.

Ticha_wa_Bweyale

Umepata sawa kabisa. 2,500s − 25,000 = 20,000, s ni 18. Mnaona? Hata bodaboda...

DadaHesabu_Koboko

Ticha, subiri kidogo. Nahodha kasema kweli, hakuihitaji x. Alichukua 20,000, akarudishia 25,000, akagawanya kwa 2,500. Amerudi kinyumenyume, hesabu ya P7. Tukiwaletea watoto maswali ya hivi halafu tukawalazimisha waandike s, wana haki ya kuuliza ya nini.

Watafiti wawili wa Mexico, Filloy na Rojano, waliandika 1989 kwamba mpasuko uko hapa: mlinganyo wenye herufi upande mmoja mtoto anaumaliza kwa hesabu za kurudi nyuma, lakini ikiwa pande zote mbili njia hiyo inakufa. Nahodha, jaribu hili. Tajiri wa kwanza, yaani mwenye pikipiki, anataka 7,000 kwa siku na 200 kwa kila safari. Wa pili anataka 3,000 kwa siku na 400 kwa kila safari. Ni safari ngapi ambazo wote wawili wanakula sawa?

Nahodha_wa_Jinja

Eeh. Hapo lazima nikae chini.

Nahodha_wa_Jinja

20. Lakini nilijaribu 10, kisha 15, kisha 20. Ndiyo x hiyo au siyo?

Mwalimu_Kigoma

Ni njia halali, na ni mwanzo mzuri. Ila nikibadilisha zile namba jibu likawa 17 na nusu utajaribu mpaka lini? Ukiandika 7,000 + 200s = 3,000 + 400s, unatoa 3,000 pande zote, unatoa 200s pande zote, unabaki na 4,000 = 200s. Mistari miwili. Na inakwambia pia kwamba zaidi ya safari 20, tajiri wa pili anakula zaidi, mkimbie.

Nahodha_wa_Jinja

Hiyo ya kumkimbia ndiyo nilikuwa naitaka 😂 Nitaipeleka stejini.

Ticha_wa_Bweyale

Dada, nimekubali hilo. Kwa hiyo mpango wa muhula: kweli au uongo ya alama ya usawa, kisha njiti, kisha fikiria namba, na milinganyo yenye herufi pande zote mbili ije mapema, isingoje mwisho wa mada kama vitabu vinavyofanya.

Mzee_wa_Chaki

Nami nitasema "bei ya embe". m ni bei ya embe moja, 3m ni bei ya embe tatu. Mmeridhika? Ni namba hiyo.

Mwalimu_Kigoma

Tumeridhika nusu, Mzee. 3m × 2m itakuwa shilingi za mraba.

Mzee_wa_Chaki

Hapo nitatoka sokoni niende shambani. Shamba lenye upana 2m na urefu 3m, ligawe viwanja vyenye upande m, kuna viwanja sita, kila kimoja m kwa m. Unafikiri nilikuwa nafundisha nini miaka yote hiyo, nyimbo?

DadaHesabu_Koboko

😂😂 Mzee, tumesalimu amri. Na kiwanja chenye upande x ukikiongezea kipande cha upana 4 pembeni kina eneo x(x + 4), yaani x² + 4x, bila mtu kukariri sheria ya mabano.

Mzazi_Mbale

Walimu nimerudi. Leo jioni nilimpa binti njiti za ufagio nikamwambia atengeneze pembetatu zilizoshikana kwa mstari kama mlivyosema miraba. Alipata 3, 5, 7, 9. Kitabuni nyuma jibu ni 2n + 1. Yeye kaandika n + n + 1 na hataki kubadilisha. Nimpe vema?

Ticha_wa_Bweyale

Mpe vema kubwa. Halafu mwulize, n ya kwanza iko wapi kwenye njiti na n ya pili iko wapi.

Mzazi_Mbale

Anasema zilizolala ni n, juu na chini ukizihesabu pamoja. Zilizosimama mshazari ni n na moja ya kufungia. Mimi mwenyewe nimelazimika kuinama nihesabu, ni kweli. Sasa anataka kufanya za pembe sita na anasema jibu litakuwa 5n + 1 kabla hajazipanga. Njiti zimekwisha, nivunje ufagio wa pili?

Ticha_wa_Bweyale

Vunja. Mwambie apange tatu tu ahesabu, zikitoka 16 aendelee na kazi ya viti vya harusi.